Vyombo vya Mazoezi ya Mwili: Tuanze na Vipi Nyumbani?

Jioni moja, katika kijiji kimoja cha Masisi, niliwakuta vijana sita wamezunguka chuma. Kilikuwa bomba la maji, urefu wake kama mita moja na nusu, na kila mwisho wake umepandwa katika kopo la maziwa ya unga lililojazwa simenti. Mmoja wao alilala chali juu ya ubao, wenzake wakampa kile chuma, akakisukuma juu mara nne. Mara ya tano upande wa kuume ukashuka, bega likafuata, na kijana akapiga kelele. Hakuvunjika mfupa, lakini alikaa wiki tatu bila kuweza kushika jembe, na ulikuwa wakati wa kupanda maharagwe. Baadaye tuliyapima yale makopo kwa mizani ya mnunuzi wa mazao. Moja lilikuwa na kilo 9, la pili kilo 12. Kumbe hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiri kuyapima.

Ndugu wasomaji, vijana wale hawakuwa wavivu wala wapumbavu. Walitaka nguvu, nao walijitengenezea chombo walichokiona katika picha. Lakini walianza na kile kilicho cha mwisho, wakaviacha vilivyo vya kwanza. Basi leo tuangalie pamoja: mtu wa Masisi au wa Walikale atakaye kufanya mazoezi nyumbani kwake aanze na vyombo gani, na avitengeneze namna gani?

Kwanza yatupasa kujiuliza mwili wetu umekwisha kufanya kazi gani. Karani wa mji mkubwa, akaaye kitini mchana kutwa, hununua vyuma kwa sababu siku yake haina mzigo. Kwetu sivyo. Bidoni ya maji ya lita 20 ina kilo 20, nayo hupanda vilima vya Masisi mgongoni mwa mama au mwa binti, pengine mara tatu kwa siku. Huko Walikale, machimbo ya bati ya Bisie yalipoanza mwaka 2002 na katika miaka iliyofuata, wapagazi walikuwa wakibeba magunia ya kilo 50 kupita msituni mpaka Njingala, mwendo wa siku nzima na zaidi, katika matope na mizizi. Mtu kama huyo haoni haja ya kuambiwa habari za kunyanyua.

Lakini tazameni vizuri. Mzigo wa kichwani, wa mgongoni na wa begani, yote hukandamiza uti wa mgongo toka juu kwenda chini. Jembe nalo humkunja mtu mbele. Hata mwanafunzi, ainamaye juu ya daftari tangu asubuhi, hukunjika vilevile ijapokuwa hana mzigo. Ni mara chache sana katika siku zetu mtu kujivuta juu kwa mikono yake, au kurudisha mabega nyuma na kufungua kifua. Hapo ndipo penye upungufu, na vyombo vyetu vichaguliwe ili kuujaza. Anayebeba magunia tangu asubuhi, kisha jioni akajitwika simenti mabegani, huyo hafanyi mazoezi. Anaongeza saa za kazi bila mshahara.

Chombo cha kwanza, kwa maoni yangu, ni mti wa kuning'inia. Chagueni nguzo mbili za mkaratusi, zilizonyooka, nene kama paja la mtoto, zisizo na nyufa. Zimenyeni magome na kuzikausha kivulini majuma machache, maana mkaratusi mbichi hujipinda na kupasuka. Sehemu itakayoingia ardhini ichomwe juujuu motoni mpaka iwe nyeusi, ili mchwa na unyevu visiile upesi. Mashimo yawe na kina cha sentimeta 70 au 80, na udongo ushindiliwe pamoja na mawe. Juu ya nguzo chongeni vidimbwi viwili, mlaze humo bomba la chuma la unene wa sentimeta 3 au 4, ambao kiganja chaweza kuuzunguka, kisha mfunge kwa waya mnene. Misumari peke yake haitoshi. Mahali pasipo na bomba, mti mgumu wa msituni wafaa, na watu wa Walikale hawahitaji kufundishwa na mtu wa milimani ni upi.

Mti huo usipandwe na mtoto kabla watu wazima wawili hawajaning'inia pamoja na kujitikisa. Ukilia, ushusheni. Na kwa kuwa mvua yetu haikawii, uwekeni karibu kitambaa cha kukausha chuma na majivu kidogo ya kupaka viganjani.

Mazoezi yake ni rahisi. Siku za kwanza mtu aning'inie tu, sekunde 10 au 20, miguu ikigusa chini kidogo, apumue taratibu, ashuke. Mpagazi mmoja aliyejaribu aliniambia kwamba mgongo wake ulikuwa kama unafunguliwa vifungo. Kisha fungeni mti wa pili, wa chini, usawa wa kiuno. Mtu ajilaze chini yake, aushike, visigino vikiwa ardhini, auvute mwili mpaka kifua kikaribie mti. Zoezi hilo wasichana na akina mama walifanya bila taabu mahali nilipoliona. Wenye kujivuta mzima mzima toka juu watafika huko wenyewe; wasiharakishe.

Chombo cha pili hakina bei. Kila fundi wa baiskeli ana mipira ya ndani iliyochoka, na kanda zake ndizo hizohizo ambazo watu wa pikipiki na wa chukudu hufungia mizigo. Ikateni kwa urefu, upana wa vidole vitatu. Zungusheni ukanda kwenye nguzo, shikeni ncha mbili, mrudi nyuma hatua moja, mvute mpaka viwiko vipite mbavu. Ukanda ukiwa mwepesi, ongezeni wa pili. Lakini kabla ya kila zoezi uangalieni: jua na mafuta ya gari huupasua mpira, na ukanda ukatikao mbele ya uso waweza kuharibu jicho.

Kamba ya kuruka sina haja ya kuieleza sana, maana watoto wetu ni walimu wake. Mwaka 1974, nchi yetu ikiitwa Zaïre, Muhammad Ali alifanya mazoezi yake N'Sele karibu na Kinshasa, na tarehe 30 Oktoba akamshinda George Foreman katika raundi ya 8. Vijana waliopenda ngumi tangu siku zile wajue kwamba vyombo vya bondia, hata aliye mkubwa, ni vichache: kamba, mfuko wa kupiga, na barabara. Kamba ipimwe hivi: mtu aikanyage katikati, na ncha zake zifike kwapani. Arukie udongo, si saruji wala jiwe la volkano.

Sasa tuje kwenye uzito, ambao wengi wangependa niwe nimeanza nao. Siukatazi. Nasema tu uwe ni ule uwezao kuongezwa na kupunguzwa, na uwe umepimwa. Msio na mizani, shikeni hesabu hii: lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya mchanga mkavu ni kilo moja na nusu na kidogo zaidi, lita moja ya simenti iliyochanganywa na mchanga na kokoto, ikiisha kukauka, ni kama kilo mbili na nusu. Basi bidoni ndogo ya lita 5 yenye maji ni kilo 5, na yenye mchanga ni kama kilo 8. Hizo mbili, moja kwa kila mkono, zinamtosha kijana wa shule mwaka mzima. Atakaye zaidi ashone gunia ndani ya gunia, alijaze mchanga theluthi mbili, alifunge imara. Kila wiki aongeze kopo moja. Alilaze chini ya paa, maana mchanga ulionyeshewa huwa mzito kuliko anavyodhani, na gunia huoza.

Uzito ufaao ni ule mtu anaoweza kuunyanyua mara 8 mpaka 12 mgongo ukiwa umenyooka, bila kufunga pumzi. Asipofika 8, apunguze. Akipita 15, aongeze. Aibu ya kupunguza mbele ya wenzake ndiyo iliyomwumiza kijana wetu wa makopo, kuliko simenti yenyewe.

Na watakaotaka bado chuma chenye makopo, watengeneze kwa utaratibu. Makopo yawe ya namna moja. Simenti kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto ndogo vitatu, na kila kopo litiwe idadi ileile ya vikombe. Mwisho wa bomba utobolewe na kupitishwa misumari minene au waya, ili usichomoke. Jazeni upande mmoja, bomba likisimamishwa wima, na siku ya tatu upande wa pili. Funikeni kwa majani yenye maji kwa siku 7, maana simenti ikaushwayo na jua hupasuka. Nguvu yake hukamilika karibu siku ya 28. Msikiguse kabla ya hapo. Kisha pimeni. Na yeyote asilale chali chini yake pasipo mtu mmoja huku na mmoja huku.

Kuhusu wakati, mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Watu wetu wengi hizo dakika wazipata shambani na njiani kabla ya Jumatano. Siku mbili ndizo za kutafuta, na nusu saa kila mara yatosha. Mwenye homa asifanye. Mwenye njaa naye asifanye: penye muhogo mtupu misuli haijengeki, bali penye maharagwe, samaki au maziwa.

Hapa niruhusiwe neno moja ambalo vijana hawatalipenda. Nimeona ua ambamo mtoto wa kiume, mwenye mikono minene, ananyanyua bidoni mbili za mchanga akihesabu kwa sauti, na mama yake anapita nyuma yake akipanda toka mtoni na bidoni ya tatu. Yule kijana alikuwa ameisahau bidoni iliyo bora kuliko zote. Aende nayo mtoni, aipandishe, akibadili mkono kila hatua mia. Na mama aje kwenye mti wa chini, aning'inie kidogo.

Lipo jambo jingine linaloamua uchaguzi wetu, na kila familia ya huku inalijua. Januari 2025 vita vilifika Masisi-kati, na Machi mwaka uleule vikafika Walikale-kati, na watu wakatoka na walichoweza kubeba. Wako walioliacha duka zima. Nani angebeba chuma? Ndiyo maana sioni faida ya kutumia akiba ya nyumba kununua vyuma vya dukani Goma na kuvilipia tena nauli ya gari. Mchanga humwagwa, bidoni ikatiwa maji ya safari. Kamba na kanda za mpira hukunjwa, zikaingia katika mfuko wa shule pamoja na madaftari, na mahali popote palipo na miti miwili zaweza kufungwa tena. Nguzo zitabaki uani. Kijana mmoja aliyerudi alizikuta zimesimama, bomba tu limekwisha kuchukuliwa. Akakata mti mwingine, akaumenya, akauweka kivulini ukauke.