St Helena: Upepo Haukuwamo Kwenye Makisio

Mpango wa Uingereza kwa St Helena ulikuwa mwepesi kueleza. Kisiwa hiki cha Atlantiki ya Kusini, chenye wakazi wasiofika elfu tano, huishi kwa ruzuku ya London, na kwa miaka mingi njia ya kukifikia ilikuwa meli ya RMS St Helena, mwendo wa siku tano hivi kutoka Cape Town. Basi kijengewe uwanja wa ndege, watalii waje, vijana waliohama warudi, na ruzuku ipungue hadi ikome. Makisio yalifika hadi mwaka 2042, watalii wakikaribia 30,000 kwa mwaka.

Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini 2011. Korongo la Dry Gut lilifukiwa kwa mamilioni ya meta za ujazo za mawe na udongo ili njia ya kurukia ipate pa kulala, na bajeti ya mradi mzima ikafika pauni milioni 285 na ushei. Kihandisi, sina neno. Sherehe za ufunguzi zilipangwa Mei 2016. Mwezi mmoja kabla, Boeing 737 ya majaribio ikapata taabu kutua, kwa kuwa upepo unaogonga majabali pale hugeuka ghafla, kasi na mwelekeo pamoja. Sherehe zikaahirishwa.

Nahodha wa jahazi hapa kwetu huuliza kwanza kama kusi imetulia, ndipo ahesabu abiria. Huko kwenye makisio abiria walitangulia. Na upepo wenyewe haukuwa siri: Charles Darwin alipopita kisiwani 1836 aliuandika. Desemba 2016 Kamati ya Hesabu za Umma ya Bunge la Uingereza iliilaumu wizara husika kwa kuukamilisha uwanja kabla ya kujua upepo ungewaathirije marubani.

Ardhi nayo ilikuwa na madai yake. Barabara ya kuelekea uwanjani ilipitishwa bonde la Rupert's, ambako tangu 1840 jeshi la majini la Uingereza liliwateremsha maelfu ya Waafrika waliookolewa kwenye meli za watumwa, wengi wakiwa mahututi. Uchimbaji wa 2008 uliibua mifupa ya watu 325. Ilikaa ghalani hadi 2022 ndipo ikazikwa upya. Pesa za kufukia korongo zilipatikana upesi kuliko makaburi.

Kwa London, umbali ndio uliokuwa thamani ya kisiwa hiki. Napoleon alifungiwa huko. Dinuzulu wa Wazulu pia. Na Sayyid Khalid bin Barghash, aliyepinduliwa kwa mizinga Zanzibar mwaka 1896, naye alionja uhamisho wa huko baada ya kukamatwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kisha umbali huohuo ukageuzwa ugonjwa wa kutibiwa kwa mradi mmoja.

Safari za kawaida zilianza Oktoba 2017 kwa ndege ndogo ya Embraer ya shirika la Airlink, kutoka Johannesburg. Ilikuwa na viti karibu 100, lakini iliruhusiwa kubeba abiria 76 tu. Watalii 30,000 hawajaonekana. Hata hivyo siwezi kuuita mradi huu hasara tupu. Mgonjwa mahututi aliyekuwa akingoja meli sasa hufikishwa kwa daktari bingwa Afrika Kusini kwa saa chache, na faida hiyo haikuwa hoja kuu ya kuutetea mradi.

Kuhama hakujakoma, hasa tangu 2002 uraia kamili wa Uingereza uliporudishwa na mlango wa kazi za ng'ambo kufunguka. Sasa waya wa intaneti wa Equiano umefika, na matumaini mapya yanaandikwa juu ya wageni watakaofanya kazi kwa kompyuta ufukoni. Mimi ningeanza na vijana wenyewe wa Jamestown, mji mkuu wa kisiwa: mshahara gani, na nyumba ya namna gani, vingewafanya wabaki?