Je, Wajua? AfroBasket, Kombe Lisilojali Ukubwa wa Nchi

Je, wajua kwamba nchi ya Afrika iliwahi kuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa Ulaya? Ni Misri, mwaka 1949. Wakati huo Afrika haikuwa na mashindano yake, kwa hiyo Wamisri walicheza ya Ulaya, na 1947 walikuwa wameshika nafasi ya tatu. Umoja wa Kisovieti, bingwa mtetezi, haukupeleka timu Cairo, mashindano yalikochezwa. Ufaransa na Ugiriki walikwenda, na wote wawili wakamaliza nyuma ya mwenyeji.

Afrika ilipata kombe lake mwaka 1962, hapo hapo Cairo. Timu zilikuwa tano tu. Misri ikawa ya kwanza, Sudan ya pili. Siku hizi zinaingia timu 16, na mashindano yenyewe tunayaita AfroBasket.

Je, wajua ni nani aliyelibeba mara nyingi zaidi? Wengi hukimbilia kutaja Misri au Senegal, lakini kila mmoja wao amelitwaa mara tano. Tunisia ina makombe matatu. Nigeria, yenye watu wengi kuliko nchi yoyote barani, inalo moja tu, la 2015. Mfalme ni Angola: makombe 12.

Hapa kwa Angola inafaa tukae kitako. Kombe lao la kwanza walilitwaa nyumbani Luanda mwaka 1989, wakati nchi ilikuwa vitani tangu ilipopata uhuru mwaka 1975. Kuanzia hapo hadi 2013 mashindano yalichezwa mara 13 na Angola wakashinda 11, sita kati ya hayo mfululizo, kutoka 1999 hadi 2009. Vita vilikwisha Aprili 2002. Kufikia siku bunduki ziliponyamaza, kabatini mwao kulikuwa tayari na makombe sita ya Afrika. Kwangu mimi, hakuna rekodi ya timu ya taifa barani humu inayoikaribia hiyo.

Inasikitisha kwamba dunia inawakumbuka Angola hao kwa kipigo. Kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 walifungwa 116-48 na kile kikosi cha Marekani cha Michael Jordan na Magic Johnson, na picha iliyozunguka ni ya Charles Barkley akimpiga kiwiko Herlander Coimbra. Kisichosimuliwa ni kwamba katika Olimpiki hiyo hiyo Angola waliichapa Hispania, mwenyeji, 83-63 mbele ya watu wake. Tofauti ya pointi 20, ugenini! Hiyo ndiyo mechi ya kuwasimulia watoto.

Je, wajua kwamba Jamhuri ya Afrika ya Kati ina makombe mawili? La kwanza ilitwaa nyumbani Bangui mwaka 1974, la pili Tunis mwaka 1987, enzi za Anicet Lavodrama, ambaye miaka miwili kabla alichaguliwa na Houston Rockets ya NBA. Ubingwa huo uliwapeleka Olimpiki ya Seoul 1988, na huko wakawafunga wenyeji, Korea Kusini.

Mogadishu nayo iliandaa mashindano haya, mwaka 1981. Ivory Coast waliondoka na kombe, Somalia wakachukua nafasi ya tatu. Kijana wa leo anayeijua Mogadishu kwa taarifa za habari tu angepaswa kulijua na hili.

Cape Verde, visiwa vyenye watu pungufu ya laki sita, walishika nafasi ya tatu mwaka 2007. Mwaka 2023 wakafika Kombe la Dunia na kuifunga Venezuela, wakiongozwa na Walter Tavares, jitu la mita 2.20 lichezalo Real Madrid.

Tuje kwetu. Mwaka 1993 mwenyeji alikuwa Nairobi, na Kenya ilimaliza ya nne, nafasi ambayo haijawahi kuipita. Kisha ukaja ukame wa miaka 28 bila kufuzu AfroBasket. Uliisha Februari 2021 jijini Yaoundé, Tylor Ongwae alipoachia mpira wakati saa inakwisha: Kenya 74, Angola 73. Ndiyo, Angola wale wale. Kocha wa Morans, timu hiyo ya Kenya, alikuwa Liz Mills wa Australia, na fainali zilipochezwa Kigali mwaka huo akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika AfroBasket.

Kigali hiyo hiyo ilishuhudia Uganda ikiitupa nje Nigeria, 80-68. Wiki chache tu kabla yake, Nigeria ilikuwa imeifunga Marekani 90-87 katika mechi ya kirafiki huko Las Vegas. Uganda ilikuwa imecheza AfroBasket yake ya kwanza mwaka 2015 tu!

Lakini habari kubwa ya Kigali, ingawa wakati ule wachache waliiona, ilikuwa Sudan Kusini. Walikuwa wamekwishatolewa: Januari 2020 walifungwa na Kenya kwenye mchujo wa awali, Nairobi. Algeria iliposhindwa kuendelea kwa sababu ya korona, wao wakaitwa kujaza nafasi. Nchi iliyopata uhuru 2011, ambayo wakati huo haikuwa na ukumbi wa ndani wa kuchezea kikapu, shirikisho lake likiongozwa na Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA. Wakapenya hadi kwenye fainali za Kigali, wakaitoa Kenya ile ile, wakamaliza wa saba. Miaka miwili baadaye, kwenye Kombe la Dunia, walikuwa timu bora ya Afrika, na tiketi ya Olimpiki ya Paris ikawa yao. Huko wakaifunga Puerto Rico 90-79. Kabla ya michezo hiyo kuanza, mjini London, Marekani ya LeBron James iliwaponyoka kwa pointi moja, 101-100.

Je, wajua kwamba bingwa wa Afrika haendi tena Olimpiki moja kwa moja? Zamani kombe lilikuwa na tiketi ndani yake. Siku hizi tiketi hutolewa kwa timu ya Afrika inayofanya vizuri zaidi kwenye Kombe la Dunia, na ndiyo maana Sudan Kusini ilikwenda Paris bila kuwahi kuwa bingwa wa bara. Na AfroBasket, iliyozoeleka kila baada ya miaka miwili, tangu 2017 huchezwa kila baada ya minne.

Fainali ya mwisho ilichezwa Luanda, Agosti 2025, mwaka ambao Angola ilitimiza miaka 50 ya uhuru. Mali waliingia fainali kwa ukuta mgumu wa ulinzi, wakakutana na mgumu zaidi wa Angola, wakafungwa 70-43. Mchezaji bora wa mashindano alikuwa Childe Dundão wa Angola, mchezesha timu asiyefika hata mita 1.75.