Nani Alimpiga J.R. Risasi? Kukisia na Kujua

Mtega kitendawili hufungwa na sharti moja ambalo aghalabu halitajwi, lakini kila mtu hulifahamu: ni lazima jibu liwepo kabla ya swali. Anayeshindwa hutoa mji, na hapo mtegaji hulifichua jibu alilokuwa nalo tangu mwanzo. Iwapo mtegaji hana jibu, akalibuni baada ya kuwasikiliza wenziwe wakihangaika, huyo si mtegaji tena bali ni mlaghai.

Sharti hilo limo ndani ya kisa cha mchezo mmoja wa televisheni ambao, kwa muda wa miezi minane ya mwaka 1980, uliwageuza mamilioni ya watu kuwa wapelelezi. Kisa hicho chafaa kuchunguzwa darasani, kwa sababu chadhihirisha tofauti iliyopo baina ya kukisia na kujua.

Risasi mbili usiku

Mchezo huo uliitwa Dallas. Shirika la utangazaji la CBS la Marekani lilianza kuuonyesha mwaka 1978. Ulihusu ukoo wa Ewing, matajiri wa mafuta na ng'ombe katika jimbo la Texas. Mwana mkubwa wa ukoo huo, J.R., aliyeigizwa na Larry Hagman, alikuwa bingwa wa hila, naye aliwadhulumu rafiki na adui bila kubagua. Tarehe 21 Machi 1980, katika sehemu ya mwisho ya msimu, J.R. alipigwa risasi mbili ofisini mwake usiku na mtu asiyeonekana. Watazamaji wakaachwa hapo hapo. Baadaye mgomo wa waigizaji ukachelewesha sehemu mpya, na jibu halikutolewa hadi tarehe 21 Novemba.

Katika kipindi hicho watu walikisia majumbani, kazini na magazetini. Huko London wachezesha kamari walipokea dau juu ya kila mshukiwa. Ili siri isivuje, watengenezaji wa mchezo waliwapiga picha waigizaji kadhaa, kila mmoja kwa zamu yake akimlenga J.R. kwa bastola. Jibu lilipotolewa, watazamaji zaidi ya milioni 80 wa Marekani walikuwa mbele ya televisheni zao.

Kisa cha kutenda si ushahidi

Washukiwa walikuwa wengi. Sue Ellen, mkewe J.R., alikuwa akitishiwa kurudishwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Vaughn Leland, mwenye benki, alikuwa amefilisika kwa kununua visima vya mafuta vya Asia muda mfupi kabla havijataifishwa. Cliff Barnes alikuwa na uhasama wa miaka mingi na ukoo wa Ewing. Kristin Shepard, ndugu yake Sue Ellen, alikuwa hawara wa J.R., naye alikuwa akifukuzwa mjini kwa vitisho.

Wapenzi wengi wa mchezo huo walijenga dhana zao juu ya msingi mmoja tu: fulani alikuwa na sababu ya kumchukia J.R. Kosa lao ni rahisi kuonekana. Kila mtu alikuwa na sababu. Ushahidi unaoafikiana na dhana zote haupimi hata moja kati yake. Mganga makini huijua kanuni hiyo. Mgonjwa akija na homa, homa hiyo yaweza kuwa ya malaria, ya taifodi, au ya maradhi mengine mengi. Kwa hiyo homa peke yake haitoshi. Hapana budi damu ichukuliwe na kutazamwa kwa hadubini, maana hapo ndipo dhana moja hutengana na nyingine.

Kuna kosa la pili, nalo limefichika zaidi. Mtu akishaipenda dhana yake, hutafuta yale tu yanayoiunga mkono. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza alitangaza matokeo ya jaribio sahili. Aliwapa watu namba tatu, 2, 4 na 6, akawaambia kwamba zinafuata kanuni fulani. Wao walitakiwa kuigundua kwa kutaja namba nyingine tatu tatu, naye kila mara angewajibu kama zinaifuata au haziifuati. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili. Wakataja 8, 10 na 12, kisha 20, 22 na 24, na kila mara wakaambiwa ndiyo. Kumbe kanuni ilikuwa kwamba kila namba iizidi iliyotangulia, basi! Aliyethubutu kutaja 1, 7 na 50, yaani namba ambazo dhana yake mwenyewe inazikataa, ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Mpenzi wa Dallas aliyemshuku Sue Ellen angeweza kukusanya ishara mia za chuki yake na asisogee hata hatua moja. Mchezo wenyewe uliutumia udhaifu huo. Sue Ellen alitiwa mbaroni kwa sababu bastola ilikutwa na alama za vidole vyake. Kisha ikabainika kwamba aliyefyatua risasi ni Kristin, naye alikuwa amepanga lawama imwangukie nduguye.

Mtunzi na maumbile

Lakini je, jibu hilo lilikuwepo tangu mwanzo? Halikuwepo. CBS ilikuwa imeagiza sehemu zaidi ya zilizokusudiwa kwa msimu huo, na watungaji wakaamua kwanza kwamba J.R. apigwe risasi, ndipo baadaye wakaamua ni nani aliyempiga. Watazamaji walikuwa wakitegua kitendawili ambacho mtegaji alikitega bila jibu. Hata hivyo watungaji hawakuwa huru kabisa. Walifungwa na mambo yaliyokwisha kuonyeshwa, na Kristin aliafikiana nayo. Kwa hiyo aliyepima kwa uangalifu hakupoteza wakati wake.

Kifungo hicho kilikatwa miaka michache baadaye. Mnamo Mei 1985 Bobby, mdogo wake J.R., alikufa baada ya kugongwa na gari, na msimu mzima ukaendelea bila yeye. Mnamo Mei 1986 alionekana tena akioga bafuni, mzima wa afya! Mnamo Septemba maelezo yakatolewa: matukio yote ya msimu uliopita yalikuwa ndoto ya Pam, aliyewahi kuwa mke wa Bobby. Ushahidi wa mwaka mzima ulifutwa kwa neno moja.

Mwanasayansi hana ruhusa hiyo. Mfaransa Urbain Le Verrier alipoona kwamba sayari ya Uranusi haifuati njia iliyotarajiwa, alidhani kuna sayari nyingine inayoivuta, akakokotoa mahali pake. Tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle aliitazama mbingu akiwa Berlin, akaikuta Neptuni pungufu ya digrii moja kutoka mahali hapo. Mwaka 1859 Le Verrier alitumia hoja ile ile kuelezea kasoro katika mwendo wa Utaridi. Akadhani kuna sayari iliyo karibu zaidi na jua, nayo ikaitwa Vulcan. Ilitafutwa kwa miaka mingi isionekane. Kasoro ile ilibaki pale pale, haikugeuka ndoto, hadi mwaka 1915 Albert Einstein alipoieleza kwa nadharia mpya ya mvutano. Maumbile hayabadilishi jibu ili kumfurahisha wala kumshangaza mtazamaji. Ndiyo maana yanaweza kuulizwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulitumia somo hili kwa urahisi. Achague mchezo wa mfululizo ambao wanafunzi wanaufuata, au hadithi isomwayo darasani sura kwa sura. Kabla ya sehemu inayofuata, kila mwanafunzi aandike mambo matatu: dhana yake, tukio moja ambalo, likitokea, litaonyesha kwamba dhana hiyo ni ya uongo, na dhana ya mwenzake ambayo tukio hilo haliwezi kuidhuru. Karatasi zikunjwe na kuhifadhiwa na mwalimu, zifunguliwe baada ya sehemu hiyo.

Itadhihirika mara moja kwamba jambo la kwanza ni jepesi na la pili ni gumu. Wako watakaoshindwa kabisa kuliandika, kwa kuwa dhana zao zinakubaliana na kila litakalotokea. Hao wasichekwe, bali waulizwe swali moja: ikiwa hakuna tukio lolote liwezalo kukushinda, basi umetuambia nini?