Mwalimu wa Insha na Ahadi Isiyoandikwa



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tunazungumza juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi za Mkongani. Ni binti aliyesomea ualimu, akahitimu, akarudi kwao, na sasa anangoja. Kila jioni mamake humuuliza, "Mwanangu, barua haijaja?" Naye hujibu, "Bado, mama. Tuombe Mungu." Hupita mwaka, ukafuata wa pili. Majirani huanza kunong'ona kwamba kumsomesha msichana ni kutia maji katika pakacha. Hapo ndipo hasara inapozidi ile ya kukosa mshahara, kwani maneno hayo huyasikia baba, na huyasikia pia mdogo wake aliye gredi ya sita, ambaye bado hajaamua kama masomo yana faida.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tumeipita njia hiyo. Tulisomea kufundisha Kiswahili, na katika Kiswahili tuliipenda insha kuliko sehemu nyingine zote. Tumeona ni vyema tuwaeleze mabinti na wazazi wao tuliyojifunza, pamoja na kosa moja tulilolifanya ambalo tusingependa mwengine alirudie.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Mtoto wa Mkongani mara nyingi huzungumza Chidigo nyumbani, na Kiswahili cha vitabu hukutana nacho shuleni. Akiandika "atu" mahali pa "watu", au "madzi" mahali pa "maji", si mjinga. Ameandika lugha ya mamake. Mwalimu anayemcheka humfunga mdomo. Mwalimu anayemwonyesha lugha hizi mbili zinavyofanana na zinavyotofautiana, humpa lugha ya pili bila ya kumnyang'anya ya kwanza.

Kuna pia ugonjwa wa kukariri. Watoto wengi wamefundishwa kuanza kila insha kwa jogoo aliyewika na jua lililochomoza, hata kama kisa chenyewe ni cha usiku. Tulipowaambia waandike namna nazi inavyoanguliwa, inavyofuliwa na kukunwa hata ikatoka tui, wengi waliduwaa, kwa kuwa hawakudhani kwamba mambo ya nyumbani kwao yanafaa kuandikwa. Mmoja aliandika juu ya ndovu waliotoka Milima ya Shimba wakaingia katika mihindi ya bibi yake. Hakukuwa na jogoo wala umande katika insha ile, nayo ndiyo tuliyoisoma mbele ya darasa.

Kazi hii ina jasho lake. Darasa likiwa na watoto 50, na kila daftari likachukua dakika 6 kusahihishwa, hizo ni saa 5 kwa insha moja tu. Saa hizo hazimo katika ratiba ya shule. Mwalimu huzifanya usiku, baada ya kupika na kulaza watoto.

Sasa tuje kwenye ajira. Binti afahamu mapema kwamba hakuna tangazo linalomtafuta mwalimu wa insha. Katika shule za upili huajiriwa mwalimu wa Kiswahili pamoja na somo la pili, kama Elimu ya Dini ya Kiislamu au Historia. Insha imo ndani ya Kiswahili. Katika mtihani wa KCSE, insha ni karatasi nzima ya alama 40, na swali lake la kwanza ni la lazima. Kwa hiyo anayejua kufundisha insha vizuri ana kitu ambacho kila mwalimu mkuu anakihitaji, ingawa hakitajwi katika tangazo.

Jambo la kwanza ni kujisajili na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, kwani sheria hairuhusu mtu kufundisha bila ya kusajiliwa. Baada ya hapo kuna milango mitatu. Wa kwanza ni ajira ya kudumu ya Tume, ambayo hutangazwa nafasi zinapopatikana. Wa pili ni unagenzi. Sekondari msingi zilipoanza mwaka 2023, walimu wanagenzi walipewa mkataba wa mwaka mmoja na posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wa tatu ni kuajiriwa na bodi ya shule au na shule ya binafsi, na huo ndio mlango ambao wengi wetu huuingia kwanza.

Wazazi tuwaombe jambo moja hapa. Tume haitozi ada ya kumwajiri mwalimu. Mtu akija na maneno kwamba anamjua fulani, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jina la binti litapita, huyo ni mwizi, na anachokitaka ni rushwa. Msiweke minazi rehani wala msiuze ng'ombe kwa ajili yake. Fedha itakwenda, barua haitakuja, na dhambi itabaki.

Na sasa lile kosa letu. Tuliingia katika shule moja, ambayo hatutaitaja, kwa ahadi ya mdomo. Tuliambiwa, "Anzeni tu, walimu, mambo ya malipo tutaelewana." Tukaona haya kuuliza zaidi. Tulikuwa wanawake, tulikuwa wageni katika kazi, na aliyesema nasi alikuwa mtu mzima wa kuheshimiwa. Tukafundisha muhula mzima. Malipo tuliyopata yalikuwa ya mwezi mmoja. Tulipouliza juu ya miezi miwili iliyosalia, tukajibiwa kwa upole kabisa, "Lakini hatukuandikiana."

Jibu hilo lilituuma, kwa kuwa asubuhi ya siku ile ile tulikuwa tumewafundisha watoto namna ya kuandika barua rasmi. Tulikuwa tumewaeleza anwani mbili, tarehe, mada na sahihi, na kwa nini kila kimoja kina mahali pake. Sisi wenyewe hatukuwa na hata karatasi moja yenye sahihi.

Tuliporudi nyumbani tuliikumbuka aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo tuliisoma chuoni tungali wadogo. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo yahusu kuandikiana deni. Waumini wanaamrishwa waliandike deni la muda maalumu, mwandishi aandike kwa uadilifu, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa ni deni. Basi kuomba maandishi si ukosefu wa adabu, wala si kumdhania mtu ubaya. Ni kufuata mafundisho, na kumkinga kila upande asidhulumu wala asidhulumiwe.

Sheria ya nchi nayo inasema hivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Binti akiambiwa, "Tutaelewana," na ajibu kwa heshima, "Ahsante, mwalimu mkuu. Naomba tuandikiane ili sote tukumbuke." Karatasi hiyo ieleze kazi yenyewe, idadi ya vipindi kwa juma, malipo ya mwezi na tarehe yake, muda wa kazi, na namna ya kuachana. Abaki na nakala yake.

Kuna watakaosema kwamba kazi hii si ya mwanamke, au kwamba mwanamke afundishe kwa thawabu tu. Tuwakumbushe Bi Shifa binti Abdillahi, radhi za Mungu ziwe juu yake, aliyejua kuandika katika zama ambazo wajuzi wa kalamu walikuwa wachache. Imepokewa na Abu Daud kwamba ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, Mama wa Waumini, kuandika, na Mtume (S.A.W.) aliliridhia jambo hilo. Ama malipo, Mtume (S.A.W.) alihimiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Thawabu na ujira havigombani.

Hata karibu nasi upo mfano. Katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, aliongoza mpango wa shule za chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo uliwachukua wanawake wa mitaa yenyewe, ukawafunza ualimu, wakawafundisha watoto wa jirani zao. Baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Ulianza na wanawake waliokuwa nyumbani, na jamii iliyokubali kwamba kazi yao ina thamani.

Kwa hiyo binti anayengoja asikae bure. Na aingie kazi ya bodi, kwa mkataba. Kama kijijini kuna akina mama wasiojua kusoma, awafundishe kuandika majina yao, hesabu za chama chao na kumbukumbu za mikutano. Chama kinaweza kumlipa kidogo kila mwezi, na hilo nalo liandikwe. Lakini ajihadhari na masomo ya likizo ya kulipiwa kwa wanafunzi wa shule, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeyakataza. Aweke insha chache nzuri za wanafunzi wake pamoja na masahihisho aliyoyafanya, bila ya majina yao. Siku ya mahojiano, karatasi hizo zitamsemea.

Nanyi wazazi na wanakamati wa shule na madrasa, msimfanye mwalimu kijana msaidizi wa bure kwa sababu ni binti yenu. Anapolipwa haki yake, hata kama ni kidogo, mdogo wake wa gredi ya sita huona kwa macho yake kwamba elimu ina mahali pa kufikia. Asipolipwa, huona hilo pia.

Sisi miezi yetu miwili hatukuipata. Tumewasamehe waliotudhulumu, lakini tangu siku ile hatujaingia darasani bila ya karatasi. Na kila tunapofundisha barua rasmi, huwaambia watoto kwamba sahihi iliyo chini si pambo.

Mwenyezi Mungu awafungulie mabinti zetu milango ya riziki ya halali, awape subira katika kungoja na ujasiri wa kudai haki kwa adabu. Aamin.