Shilingi ya Zahanati: Kutoka Dodoma hadi Kingo za Ruvuma

Mkazi wa Chikongola, katikati ya mji wa Mtwara, akishikwa na homa kali usiku wa manane, bodaboda humfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, kwa muda mfupi tu. Ugonjwa ukizidi uwezo wa Ligula, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2021 na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023. Kabla ya hapo, rufaa kubwa ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Muhimbili, Dar es Salaam, au kwenda kubisha hodi kwenye hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao.

Mama mjamzito wa Msimbati, au wa Kitaya kando ya Mto Ruvuma, yuko mkoa huohuo, ila hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwake huduma huanza na zahanati: vyumba vichache, wahudumu wa kuhesabika, jokofu la chanjo, kabati la dawa mseto na vipimo vya haraka vya malaria, na leja ambayo kila kidonge kinachotoka lazima kiandikwe. Uchungu ukigoma, panahitajika gari la wagonjwa, dereva, mafuta na barabara inayopitika masika. Vyote hivyo ni vifungu vya bajeti, na kikikosekana kimoja, vingine havimfikishi popote.

Wengi hukumbuka bajeti mwezi Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma na watu wakatega sikio kusikia bei ya bia, sigara na petroli. Kwa zahanati ya kijiji, Juni ni mwisho wa safari. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini makisio huanza kuandikwa miezi mingi kabla. Vijiji na mitaa huibua miradi kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kata huchambua, timu ya afya ya halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya, Baraza la Madiwani hupitisha, kisha makabrasha hupanda mkoani, Ofisi ya Rais inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) na Hazina. Bunge la bajeti linapoanza Aprili, mengi yameshakatwa au kuachwa.

Ukisikia fungu la Wizara ya Afya, usidhani ndiyo fedha yote ya afya. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa Sh trilioni 49.35, na Wizara ya Afya iliidhinishiwa takriban Sh trilioni 1.31. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, na mishahara ya wauguzi wake hupitia mafungu ya TAMISEMI na mikoa. Anayetaka kujua kama Tanzania imefikia ahadi ya Abuja ya Aprili 2001, ambapo viongozi wa Afrika waliazimia kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, hana budi kujumlisha mafungu hayo yote. Hata akijumlisha, lengo hilo bado liko mbali.

Swali zito zaidi kwa watu wa kingo za Ruvuma ni namna fedha zinavyogawanywa. Mwaka 2004 Serikali ilianza kugawa ruzuku ya afya kwa halmashauri kwa kanuni ya hesabu: asilimia 70 kwa kufuata idadi ya watu, asilimia 10 kiwango cha umaskini, asilimia 10 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, na asilimia 10 urefu wa njia zinazopitiwa na magari ya huduma za afya. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu awali mgawo ulifuata zaidi wingi wa majengo na watumishi, na aliyekuwa nacho akaongezewa.

Hata hivyo, kanuni inayotanguliza vichwa vya watu ina ugumu wake pale watu wanapoishi wametawanyika. Jokofu la chanjo hutaka umeme uleule, kijiji kiwe na watu elfu moja au elfu tano. Zamu ya usiku humtaka muuguzi mmoja, wajawazito wawe wawili kwa mwezi au ishirini. Gari la Bohari ya Dawa likitoka ghala la kanda mjini Mtwara, halipunguziwi mafuta kwa sababu huko liendako watu ni wachache. Kijiji cha mbali huleta idadi ndogo kwenye hesabu ya mgawo na kilomita nyingi kwenye hesabu ya matumizi.

Mapato ya papo kwa papo nayo hayasaidii sana. Uchangiaji wa wagonjwa ulianza mwaka 1993, lakini sera inawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea. Ni msamaha wa haki, na makundi hayo ndiyo yanayojaa kwenye benchi la zahanati ya kijijini. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliosambazwa kuanzia 2018 kwa mchango wa Sh 30,000 kwa kaya ya hadi watu sita, ulikusudiwa kuziba pengo hilo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja na dhamira pana zaidi, ila kadi ya bima inanunua dawa iliyopo rafuni tu.

Kisha kuna mapato ya ndani, na hapo ndipo jirani humzidi jirani. Halmashauri hukusanya ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni. Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara ina mitambo ya gesi ya Madimba na kiwanda cha saruji cha Dangote. Nanyamba, iliyomegwa kutoka wilaya hiyohiyo, macho yake yako kwenye korosho.

Korosho ina msimu wake na vituko vyake. Minada hufunguliwa Oktoba, na ushuru wa zao la biashara, ulioshushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017, huingia miezi michache tu ya mwaka. Novemba 2018, baada ya wanunuzi na wakulima kushindwana bei, Serikali ya Rais John Magufuli ilitangaza kununua korosho zote kwa Sh 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Minada iliposimama, halmashauri zilizokuwa zimeegemeza makisio yao kwenye ushuru huo zilibaki na pengo.

Mabadiliko yaliyogusa zahanati moja kwa moja yalikuja mwaka wa fedha 2017/18. Awali fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja, unaochangiwa na wahisani, zilikaa katika akaunti ya halmashauri. Mganga mfawidhi wa kijijini akitaka dazeni ya glavu au fundi wa kuziba paa, alipanda gari kwenda wilayani kuomba, na mara nyingi alirudi na ahadi. Sasa fedha huingia kwenye akaunti ya benki ya kituo chenyewe, na kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, hushiriki kupanga matumizi. Utaratibu huo umeleta uhuru, na pia mzigo: muuguzi anayezalisha wanawake ndiye anayeandika hati za malipo.

Na hata fedha ikifika, bado barabara ina la kusema. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara eneo la Somanga, na mikoa ya Kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Ndani ya mkoa, barabara ya kilomita 210 kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi imechukua miaka kuwekwa lami kipande kwa kipande. Mkandarasi wa barabara hiyo hayumo katika bajeti ya afya, ingawa mjamzito anayepewa rufaa kutoka Newala anamhitaji kama anavyomhitaji daktari.

Mwananchi ana pa kuanzia. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila robo mwaka, na mapato na matumizi husomwa hapo. Zahanati hutakiwa kubandika taarifa zake za fedha ubaoni. Uliza kituo chenu kilipokea kiasi gani robo iliyopita, dawa zipi ziliombwa zikakosekana, na nani anawawakilisha kwenye kamati. Maswali hayo yaulizwe kabla ya madiwani kukaa kupitisha makisio mwanzoni mwa mwaka. Anayesubiri hotuba ya Juni atasikia majibu ya maswali ya watu wengine.