Kuacha kazi inayokula afya: Je, ni kukosa subira?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu yetu mmoja, dereva wa watalii mwenye ajira ya mshahara, alinijia baada ya Swala ya Ijumaa hapa Engutoto. Tangu Juni, msimu unapopamba moto, hurejea kutoka Ngorongoro usiku, na alfajiri yumo tena barabarani. Shinikizo la damu limempanda, usingizi umemtoka, na wanawe humkimbia kwa ukali wake. Mkewe yu radhi wale makande kila siku maadamu mumewe ni mzima. Mama yake humwambia kuwa ada ya shule hailipwi kwa usingizi. Akaniuliza: "Sheikh, nikiiacha kazi hii, sitakuwa nimeikufuru neema?"

Mpendwa msomaji, hayuko peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa katika mwaka 2016 watu wapatao 745,000 walifariki kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Mwili ni amana. Qur'an Tukufu (2:195) inatukataza kujitia maangamizini kwa mikono yetu. Salman (R.A.) alipomwona Abu Dardaa (R.A.) akifunga na kukesha kwa ibada hata kumsahau mkewe, alimkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na ahli wana haki. Mtume (S.A.W.) akamsadikisha. Ikiwa ibada imewekewa mpaka, seuze ajira?

Jambo hili liliwafika hata wakubwa wetu. Mwaka 1091 Imam Ghazali alipewa kiti cha kufundisha katika Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanazuoni wengi. Mwaka 1095, akivutwa huku na jaha ya dunia na huku na akhera, ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, na chakula kikakataa kupita. Matabibu wakakata tamaa, wakaona chanzo kimo moyoni. Akaondoka. Lakini tutazame alivyoondoka: aligawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Na mwaka 1106 alirejea kufundisha, safari hii Naisaburi.

Hapo ndipo penye jibu. Kuiacha kazi inayokuua si kukufuru neema. Kuwaacha watoto bila chakula ndiyo dhambi, na Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya kuwapoteza tunaowalisha.

Basi nilimwambia: anza kwa daktari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyezidisha miezi sita kazini likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36, kwa cheti cha daktari: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Kisha zungumza na mwajiri, kwani huenda kinachokuumiza ni ratiba, si kazi yenyewe. Sheria hiyo imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Ikishindikana, kaa na mkeo na mama, mhesabu ada, kodi na chakula cha miezi ijayo. Ndipo uandike notisi, ambayo kwa mlipwa wa mwezi haipungui siku 28. Muislamu hutimiza mkataba. Istikhara huswaliwa pamoja na hesabu, si badala ya hesabu.

Ndugu yetu sasa yumo katika likizo ya ugonjwa, na bado hajaamua. Ijumaa iliyopita alikuja msikitini akiwa amemshika mkono mwanawe mdogo. Tumwombee, na tujikague nasi.

Wabillahi tawfiq.