Bastola za bei chee: Nani hulipa zinapopasuka?

KIWANDA cha bastola cha Bryco Arms, kilichokuwa Costa Mesa katika jimbo la California nchini Marekani, kiliuzwa kwa mnada mwaka 2004 kwa dola 510,000. Mnunuzi alikuwa msimamizi wa zamani wa kiwanda hichohicho. Hakikuangushwa na ushindani wala kukosa wateja, kwani bastola zake zilikuwa zikiuzwa kama njugu. Mwaka 2003 mahakama ilikiamuru kiwanda hicho na mmiliki wake walipe zaidi ya dola milioni 20 kwa familia ya kijana aliyepigwa risasi ya taya mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka saba, na akapooza mwili. Mtu mzima aliyekuwa naye alikuwa anajaribu kutoa risasi ndani ya bastola ili iwe salama. Muundo wake ulimlazimu aondoe kwanza kizuizi cha usalama ndipo aweze kuifungua. Bastola ikalia.

Wakili wa familia alieleza mahakamani kwamba muundo huo ulichaguliwa ili kuficha kasoro nyingine, yaani risasi kukwama ndani ya bastola. Baada ya hukumu, kiwanda kiliomba kutangazwa mufilisi.

Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hawauzi silaha na hawana nia ya kuziuza. Hata hivyo, hesabu ya biashara iliyomo katika bastola ndogo za Marekani, hasa zile za kaliba .22, inamhusu kila anayenunua bidhaa za bei ya chini kwa ajili ya kuziuza, au anayeweka akiba yake katika hisa za viwanda. Swali ni moja: kiwanda kinapopunguza bei, kimepunguza gharama ya kitu gani, na hasara ya punguzo hilo itamwangukia nani?

Risasi yenyewe ni ya usumbufu

Risasi ya .22 ndefu imekuwapo tangu mwaka 1887. Bei yake ni ndogo kuliko risasi nyingine zote za bastola, na hapo ndipo biashara yake ilipo. Mtu anayejifunza shabaha humaliza sanduku kadhaa za risasi 50 kwa mchana mmoja bila kuumia mfukoni. Matokeo yake ni kwamba bastola ya .22, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei ndogo dukani, ndiyo hufanyishwa kazi nyingi kupita zote.

Tofauti na risasi kubwa, ambazo fataki yake imo katikati ya kitako, ya .22 huwashwa ukingoni. Kiwandani dawa ya kuwashia hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili dawa isambae kwenye ukingo wote. Ikitokea sehemu fulani ya ukingo haikupata dawa ya kutosha, pini ikapiga hapohapo, risasi hailii. Mpigaji huitoa, huigeuza kidogo na kuirudisha, na mara nyingi hulia.

Tatizo la pili ni ukingo wenyewe, ambao hutokeza nje ya ganda. Risasi zinapopangwa ndani ya magazini, ukingo wa ile ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, hunasana na zisipande. Tatu, risasi nyingi za aina hii ni za risasi tupu iliyopakwa nta, hivyo huacha masizi na uchafu kwenye chemba na kwenye kucha inayovuta ganda. Nne, nguvu yake ni ndogo. Bastola nyingi za .22 hutegemea msukumo wa ganda kurudisha nyuma sehemu ya juu, ambayo mafundi huiita slaidi. Msukumo ukiwa dhaifu, slaidi hairudi hadi mwisho na ganda hubaki limebanwa mlangoni. Ukiwa mkali mno, slaidi hujigonga kwa nguvu kila risasi inapolia.

Kwa hiyo mtengenezaji wa bastola ya .22 hana nafasi kubwa ya kukosea. Slaidi iwe nyepesi kiasi cha kusukumwa na risasi dhaifu, lakini iwe imara kiasi cha kustahimili maelfu ya mapigo. Kila mmoja hutafuta njia yake ya kutimiza masharti hayo mawili kwa gharama anayoiweza.

Metali ya kumimina

Njia ya mkato ilikuwa zamaki. Hii ni metali ya mchanganyiko ambayo sehemu kubwa ni zinki, ikiwa na takriban asilimia 4 ya alumini, pamoja na magnesi na shaba kidogo. Ilitengenezwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929. Wafanyabiashara wetu wanaifahamu hata kama hawajui jina lake, maana ndiyo metali ya zipu nyingi, vipini vya milango na magari ya kuchezea watoto. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 385 hivi za Selsiasi, wakati chuma cha pua huhitaji zaidi ya nyuzi 1,300. Huingizwa kwa shinikizo katika kalibu, na kitu hutoka kikiwa karibu tayari. Hakuna saa nyingi za mashine ya kukereza, wala za fundi wa kupiga tupa.

Kwa kipini cha mlango, metali hiyo inatosha kabisa. Kwa slaidi ya bastola, mambo ni mengine. Zamaki haipindi sana kabla ya kuvunjika, hupasuka. Pale pini ya chuma inaposuguana nayo, tundu hupanuka. Nyuzi za skrubu huliwa. Bastola inayofanya kazi vizuri ikiwa mpya huanza kulegea taratibu, na kila ulegevu huongeza uwezekano wa kukwama.

Ni sheria iliyofungua soko hilo. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria ya silaha ambayo, pamoja na mengine, ilizuia kuingizwa nchini kwa bastola ndogo za bei chee kutoka nje. Sheria haikugusa zile zilizotengenezwa ndani. Kampuni ya Röhm ya Ujerumani ilijibu kwa kuwa na kiwanda Miami, kikiitwa RG Industries, cha kuunganisha bastola hukohuko Marekani. Bastola ya .22 aina ya RG-14 ndiyo iliyotumika kumpiga risasi Rais Ronald Reagan tarehe 30 Machi 1981.

Huko California nako pengo lilizibwa na kundi la viwanda vilivyozunguka jiji la Los Angeles: Raven, Jennings, Bryco, Davis, Lorcin na Phoenix. Mtafiti Garen Wintemute wa Chuo Kikuu cha California aliviandikia ripoti mwaka 1994 na kuviita pete ya moto. Jennings ilikuwa na bastola ya .22 iliyoitwa J-22, yenye slaidi ya zamaki, ambayo baadaye iliendelea kutengenezwa na Bryco. Dukani iliuzwa kwa chini ya dola 100.

Bastola ya dola 37.50

Msomaji asiharakishe kusema kwamba kosa ni bei ndogo. Mwaka 1949 vijana wawili, William Ruger na Alexander Sturm, walianzisha kampuni huko Southport, Connecticut, kwa mtaji wa dola 50,000. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa bastola ya .22 ya dola 37.50, nafuu kuliko bastola za shabaha zilizokuwa na jina wakati huo. Nao walipunguza gharama, tena sana. Badala ya kuchonga mwili wa bastola kutoka kipande kimoja cha chuma, walichukua mabati mawili ya chuma, wakayakandamiza kwa mashine na kuyaunganisha kwa kuchomelea.

Tofauti ni mahali walipokata. Mtutu ulibaki wa chuma na haukusogea. Kitu kilichorudi nyuma kila risasi ilipolia kilikuwa bolti ya chuma ndani ya bomba la chuma. Walichookoa ni saa za fundi, na sehemu zinazopokea kipigo hawakuziguza. Aina hiyo ya kwanza ilitengenezwa hadi kuanzia miaka ya 1980, ikafuatiwa na Mark II mwaka 1982, Mark III mwaka 2004 na Mark IV mwaka 2016. Bastola za enzi za mwanzo bado zinauzwa mkono kwa mkono zikiwa zinafanya kazi.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu. Walther P22 ya Ujerumani, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2002, ina mtutu wa chuma lakini slaidi ya zamaki. Imeuzwa kwa wingi, na wenye kuitunza huridhika nayo, ila huchagua risasi na hudai kukaguliwa mara kwa mara. Ruger kwa upande wake ilitoa SR22 mwaka 2012 ikiwa na slaidi ya alumini. Mnunuzi anayesoma karatasi ya maelezo huziona tofauti hizi kabla ya kulipa.

Matumizi nayo yana sehemu yake. Katika bastola nyingi za .22, kuvuta kifyatulio bila risasi ndani huifanya pini igonge ukingo wa chemba. Ukingo ukibonyea, maganda huanza kung'ang'ania. Bastola za Ruger zina pini ndogo ya kuzuia jambo hilo, lakini fundi wa nyumbani akiisahau wakati wa kuzifunga tena, kinga hiyo haipo. Bidhaa nyingi hurudishwa dukani zikisingiziwa ubovu kumbe ni uchafu au risasi isiyofaa.

Gharama inaporudi

Nchini Marekani Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, iliyoundwa mwaka 1972, haina mamlaka juu ya silaha za moto. Hivyo kwa muda mrefu aliyebaki kuwa mkaguzi wa ubora ni mnunuzi mwenyewe, na baada yake hakimu.

Baadhi ya majimbo yaliamua kuingia kati. Illinois na South Carolina zilipiga marufuku kuuza bastola ambayo metali yake huyeyuka chini ya nyuzi 800 za Farenhaiti, sawa na 427 za Selsiasi. Zamaki haivuki hapo. California ilitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001. Bastola tatu za kila aina hupigwa risasi 600 kila moja. Zile 20 za kwanza zisikwame hata moja, na katika zote 600 zisizidi kukwama mara 6, wala pasiwe na mpasuko wa kuhatarisha mtumiaji. Aidha huangushwa kwenye zege kutoka kimo cha mita 1 hivi, na hazitakiwi kulia. Kwa mpigaji wa .22, risasi 600 ni sanduku 12 tu, yaani mazoezi ya siku chache. Sharti hilo ni la chini, si la juu.

Wakati huo baadhi ya viwanda vya pete vilikuwa vimekwisha kuanguka. Lorcin iliomba ufilisi mwaka 1996, Davis mwaka 1999. Bryco ilifuata mwaka 2003. Jimenez Arms, iliyozaliwa na ule mnada wa dola 510,000, ilihamia Nevada na kuendelea na J-22 kwa jina jipya, kisha nayo ikaomba ufilisi mwaka 2020.

Ruger nayo haikuwa na kinga ya makosa. Mwezi Juni 2017 ilitangaza kwamba Mark IV zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo zirudishwe. Kitufe cha usalama kikiwa katikati na kifyatulio kikavutwa, bastola ingeweza kulia pale kitufe kinaposogezwa. Kampuni ilibadilisha kifaa hicho bila malipo. Yenyewe ilikuwa na fedha za kufanya hivyo. Kiwanda kinachopata senti chache kwa kila bastola hakiwezi.

Mwekezaji atazame nini

Hisa za Ruger zimo katika soko la New York, na sera yake ya gawio imekuwa kulipa takriban asilimia 40 ya faida ya kila robo mwaka. Mauzo yake yalikuwa dola milioni 664.3 mwaka 2016, yakashuka hadi 495.6 mwaka 2018, yakapanda hadi 730.7 mwaka 2021, na kushuka tena hadi 543.8 mwaka 2023. Mawimbi hayo hutokana zaidi na siasa na hofu za wanunuzi kuliko na ubora wa chuma. Tena bidhaa inayodumu miaka 50 hushindana na yenyewe, kwani mteja hana haja ya nyingine. Uimara peke yake hauhakikishii mwenye hisa gawio kubwa.

Unachofanya uimara ni kuipunguzia kampuni madeni yasiyoonekana katika mizania. Bastola ya zamaki iliandikwa vitabuni kama faida siku ilipouzwa, na gharama yake ikaja kwa njia ya hukumu, miaka tisa baada ya kijana kupigwa risasi.

Kwa hiyo anayetaka kununua hisa za kiwanda chochote, au kuagiza kontena la bidhaa nafuu, aulize mambo matatu. Sehemu inayopokea kipigo imetengenezwa kwa metali gani? Bidhaa ikirudi, nani hulipa matengenezo, na je, fedha hizo zimetengwa? Na kasoro ilipoonekana mara ya mwisho, kiwanda kilibadilisha kifaa au kilibadilisha maelekezo ya matumizi? Bryco ilishindwa katika swali hilo la tatu, na kijana mmoja ndiye aliyetangulia kulipa.